Kumuuzia Mukwe Chisense

Shule nilisoma kidogo, kwa masista wa ng'ambo, upande wa Kongo, mpaka nilijua kusoma na kuandika Kiswahili. Kisha niliolewa huku Nchelenge na kalamu ikakaa. Lakini majina hayanitoki. Wale wote wenye walikaa katika kalasi ile ya biashara, ukiniamsha usingizini nitakutajia mumoja mumoja, jina la ubatizo na jina la nyumbani. Hapa sitaandika hata moja. Watoto wao wangali wanauza samaki pembeni ya ziwa, na mimi ningali nanunua chumvi kwao.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mbele ya mwaka elfu mbili. Bwana yangu alikuwa amekwisha kufa, na kazi yangu ilikuwa chisense, wale samaki wadogo wa ziwa Mweru wenye wanavuliwa kwa taa na kuanikwa juu ya muchanga. Wakati wa jua hakuna taabu. Unamwaga asubuhi, unageuza muchana, magaribi unakusanya. Wakati wa mvua ni kilio. Wingu likipita tu, umekwisha. Chisense ikilowa mara mbili inakuwa nyeusi, inanuka, na hakuna mutu ataigusa, unawapa bata. Kila mwaka, kuanzia mvua ya kwanza mpaka mahindi mabichi yanakwisha, kazi yangu ilikuwa kulisha bata. Bata wa watu, maana yangu sikuwa nayo.

Basi, wakati walitangaza kanisani kwamba kutakuwa masomo ya biashara palepale, na kwamba kundi lenye litafanya muzuri siku ya mwisho litapewa malata, yale mabati ya paa, na nyavu za chuma za kujenga nyumba ya kukaushia samaki, niliinua mukono mbele mutangazaji hajafunga kinywa. Masomo yenyewe sikuyawaza. Niliwaza malata. Niliyaona yamekwisha kupigiliwa misumari, mvua inanyesha juu yake na chisense yangu iko chini, kavu, inalia kama majani ya muhindi.

Mwalimu alikuwa kijana wa mujini, shati ya mikono mifupi, Kibemba chake cha haraka, na Kiswahili cha kuokota-okota kwa ajili ya wauzaji wenye walikuwa wanavuka kutoka Kongo. Sitamusema vibaya. Alifundisha vitu vya kweli. Aliniuliza ufagio wa kukusanyia chisense ninanunua wapi, nikamujibu ninakata mwenyewe. Gunia ninanunua wapi? Ninashona mwenyewe. Na mubebaji? Kichwa yangu. Akasema, "Alor, mama, weye uko unatumikisha batu batatu na hawa batatu hawaulizi mushahara." Watu wakacheka, lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwa na hasira juu ya miaka yote yenye ilipita na hao watu watatu wa bure. Alifundisha pia kwamba kapitale, pesa ya kuanzishia kazi, haikuliwi. Mutoto akilia njaa, utamupa faida, kapitale hapana. Hiyo tuliimba kama katekisimu.

Na alifundisha kubishana bei. Alisema mununuzi hapashwi kuogopwa na muuzaji hapashwi kubembelezwa, kila mumoja akaze upande wake mpaka wakutane katikati. Siku ya mwisho wageni kutoka biro, ofisi yake ya mujini, watakuja, watachagua watu wawili katika kila kundi, mumoja auze, mwingine anunue, na kutoka pale wataamua malata yaende wapi. Kwa hiyo kila mutu ajizoeze na kila mutu wa kundi lake.

Makundi aliyafanya kwa kazi. Wa maandazi pamoja, wa nguo kuukuu za salaula pamoja, wa samaki wa chumvi pamoja. Wa chisense tulikuwa wane tu. Mimi, mama mumoja wa Kilwa ya Kongo mwenye kinywa chake hakikujua kupumuzika, muzee mumoja wa Puta, na wa ine, ee Mungu wangu, wa ine alikuwa mukwe wangu, mwenye alimuoa mutoto wangu wa kwanza.

Mutu wa mbali anaweza kusema, sasa shida iko wapi? Shida ni hii. Kwetu, mukwe na mama ya muke wake hawatazamani. Nikikuja njiani, yeye anaingia katika majani mpaka nipite. Mimi nikimuona mbele, ninavuta kitenge kichwani na ninaangalia ziwa kama kwamba sijapata kuona maji. Hatukuli pamoja, hatukai chumba kimoja, na maneno yakilazimika, yanapitia mutu mwingine. Ni heshima, si chuki. Na heshima hiyo inakaa vile mpaka siku wamama wa upande wa mwanamuke wanapika, wanamukalisha mukwe juu ya mukeka, wanamulisha na kumufundisha. Ile tunaita kumuingiza mukwe. Toka siku ile anaweza kula kwenu na kusema na weye. Wetu hatukuwa tumemuingiza. Mwaka tulitayarisha, bwana yangu alikufa. Mwaka wenye ulifuata, samaki hawakuonekana. Mutoto wao alikuwa amekwisha kukimbia-kimbia katika lupango, uwanja wa nyumba, na baba yake angali anajificha katika majani sababu ya mimi, nkambo wa mutoto.

Siku ya kwanza ya kundi nilikaa nikiangalia dirisha. Yeye akakaa akiangalia ukuta. Mama wa Kilwa akatutazama huku na huku.

"Bon. Mie njo telefone?" akasema. "Leteni maneno."

Nikamuambia polepole, "Mama, muulize huyu muheshimiwa kama anataka chisense."

"Muheshimiwa, mama mwenye iko ku dirisha anauliza kama unataka chisense."

Mukwe akajibu ukuta, "Mumuambie ninaomba, kama haimusumbui."

"Anasema anaomba kama haikusumbui. Mie inanisumbua! Weye ku dirisha, sema bei!"

"Mumuambie bei ile anaona ni ya haki."

"Yesu! Hawa batauza hii chisense mpaka iote meno."

Muzee wa Puta alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu akakuja mbio.

"Kuko matata gani hapa? Muligombana?"

"Hawakugombana, bana," muzee akasema. "Ni mukwe wake. Hawajamuingiza."

Nilingoja kijana atucheke, kwa sababu ni mutu wa mujini. Hakucheka. Alijikwaruza shingo, akainama karibu na kisogo changu, maana uso nilikataa kuugeuza, akaniita mama kwa Kibemba.

"Mayo, hata mimi niko na mama ya bibi yangu. Nikimuona sokoni ninaingia hata katika duka la majeneza. Lakini makundi nilikwisha kutuma ku biro, na wale wageni hawatauliza mambo ya ukoo. Wataangalia kama munauziana." Akahesabu siku kwa vidole. "Hamuwezi kumuingiza mbele ya ile siku?"

Hamuwezi kumuingiza! Kama mutu anakuuliza, hauwezi kujenga nyumba mbele ya chakula cha magaribi?

Nililala na neno hilo na nikaamuka nalo. Malata yalikuwa palepale, kila wingu lenye lilitoka upande wa ziwa lilinikumbusha. Asubuhi nikaenda kwa yaya yangu, dada yangu mukubwa, kwa sababu katika ukoo wetu vyungu vya mukwe ni yeye anavifunika na ni yeye anavifunua. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamueleza yote. Hakuacha kutwanga.

"Kumbe unataka kumuingiza mukwe juu ya malata."

"Yaya, hata bila malata tulipashwa kumuingiza."

"Tulipashwa. Toka lini? Mutoto wake iko na meno yote. Sikukusikia. Leo umesikia harufu ya malata, njo unakumbuka uko na mukwe."

"Kwa hiyo unakataa?"

Akaweka mutwango chini. "Sikukataa. Lakini ikifanyika, itafanyika yote. Usiniletee kuku mumoja wa kukonda na kuniambia kalasi inakungoja. Kuku kwa watu wa kwetu na kuku kwa watu wake wa Mwansabombwe. Karanga. Maharagi. Samaki mukubwa, chisense yako hapana. Munkoyo ya kunywa, mitungi ya kutosha. Na mukeka mupya."

"Yaya, hiyo ni kapitale yangu yote."

"Nani huyo kapitale? Ni ndugu yetu?"

Nilikuwa na magunia ya chisense ndani, makavu, yenye nilikuwa nimeweka kungojea bei ipande wakati wa mvua, maana wakati ule kila mutu analisha bata na mwenye iko na kavu ni mufalme. Nikayauza kwa haraka, kwa bei ya haraka. Mama wa Kilwa njo alinunua, na hakunihurumia hata kidogo. "Bishana na mie, mama," akaniambia, "jizoeze." Nilikosa nguvu ya kubishana. Kila kitu mwalimu alikuwa amenifundisha, nilikifanya kwa kinyume, na sababu ilikuwa masomo yake. Hiyo njo ilikuwa inaniuma. Kapitale yote iliingia katika vyungu.

Tulimuingiza mukwe. Wamama wa kwetu walikuja wakipiga vigelegele, wakiingia kwa magoti, vyungu kichwani vimefunikwa. Yaya akafunua kimoja kimoja na kueleza: hiki ni cha muke wako akiwa na hasira, hiki ni cha siku hakuna kitu, ukikuta hivi usipige kelele. Mukwe alikuwa juu ya mukeka, jasho linamutiririka, watu wake wa Mwansabombwe wako nyuma yake wanakula kama wamefungua kinywa kwa mara ya kwanza. Kisha yaya akanishika mukono, akanikalisha mbele yake. "Huyu ni mama yako. Toka leo usimukimbie." Akamupa tonge ya bukari, akala. Hapo nikaona sura yake kwa mara ya kwanza, kwa kweli. Nilikuwa sijui kwamba iko na pengo mbele. Miaka yote mutoto wangu ameolewa na mutu wa pengo, na mimi sijui.

Nilifurahi, sisemi hapana. Lakini nilipokuwa nafurahi, jicho moja lilikuwa linaangalia vyungu vinakwisha, na moyo unajibembeleza: malata, malata, malata yatarudisha.

Siku ya mwisho ikafika. Wageni kutoka biro walikuwa watatu, na mukubwa wao alikuwa mama mumoja munene mwenye miwani. Wamama wa maandazi walianza. Walitukanana juu ya maandazi mpaka nilifikiri ni kweli, mumoja akageuka kwenda zake, mwingine akamuita, wakakutana katikati, watu wakapiga makofi. Wa samaki wa chumvi vilevile. Kisha yule mama wa miwani akatazama kundi letu, akaonyesha kwa kidole.

"Mama, utauza. Na bwana huyu atanunua."

Ni sisi. Mama wa Kilwa akanifinya mugongo. "Malata iko yetu! Sasa munaongea, Mungu iko!"

Nikakaa juu ya kiti kidogo, beseni ya chisense mbele, na meka yangu, ule mukebe tunapimia, mukononi. Mukwe akatoka nyuma, akatembea, akafika mbele ya beseni. Akapiga magoti. Mununuzi! Akapiga magoti na kupiga makofi polepole kama vile mutu anasalimia mufalme.

"Mwapoleni, mukwai," akasema. Ni salamu ya Kibemba ya heshima kubwa, na mukwai ni kama kusema muheshimiwa.

Watu wakaanza kuchekacheka. Nikamuitikia. Nikamuambia kwa sauti ya soko, "Chisense kavu, bwana, hakuna kama hii! Unataka meka ngapi?"

"Moja, mukwai, kama inawezekana."

Nikataja bei, na juu yake nikaweka kidogo, ili apate mahali pa kupunguza, kama tulivyofundishwa.

"Ee, mukwai," akasema, na mukono ukaingia mufukoni.

Nikakohoa. Nikamutolea macho. Nikasema, "Bei ile ilikuwa ya chisense ya chini. Hii ya juu iko bei nyingine," na nikataja mara mbili yake.

"Ee, mukwai."

Moto ukanipanda. Nikataja bei yenye hakuna mutu alipata kuisikia pembeni ya Mweru, bei yenye ungenunua kuku watano na kamba ya kuwafunga. Niliwaza, sasa atalazimika kukataa, hata mufu angekataa.

"Ee, mukwai. Na aksanti."

Kanisa zima likavunjika kwa kicheko. Muzee wa Puta alishika kichwa na mikono miwili. Mama wa Kilwa hakuweza kuvumilia, akasimama juu ya benchi. "Kataa, weye! Sema iko kali! Sema kuko muchanga ndani!"

Mukwe akageuka kwake pole. "Muchanga hapana, mama. Chisense ya mama iko safi."

Na mimi? Bei ilikuwa mezani, ningepokea tu na kunyamaza, pengine wangesema huyu mama anajua kuuza. Lakini mukono ulikataa kunitii. Nilijaza meka mpaka ikafanya mulima, nikamwaga katika mufuko wake. Kisha nikaongeza kiganja cha mbasela, ile ya kumufurahisha mununuzi. Nikaongeza kingine. Nikaongeza kingine. Mutu amekula kwangu juzi, amepiga magoti mbele yangu, mutaniambia ningefanya nini?

Mama wa miwani akauliza, "Mama, mbona unaongeza hivyo?"

"Ni mukwe," nikasema.

"Na weye, bwana, mbona hukupunguza bei?"

"Ni mama," akasema.

Alicheka mpaka akavua miwani na kupangusa macho. Hakuwa mutu mubaya. Akavaa miwani tena, akaandika. Malata na nyavu za chuma zilienda kwa watu wa samaki wa chumvi, wenye chumvi yao inawatosha hata bila malata. Mwalimu alikuja kunishika mukono, akasema pole, mayo. Mama wa Kilwa alinipita bila kusema kitu, na kwake kutosema kitu kulikuwa matusi makubwa.

Nikatoka. Wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa, jeusi. Nikashika njia ya nyumbani, na nyuma nikasikia nyayo. Ni yeye. Mbele angeingia katika majani, sasa iko na ruhusa, tulilipa kwa kuku ruhusa ile. Tukatembea, mimi mbele, yeye nyuma.

"Mama," akasema mwishoni.

"Nini?"

"Ile bei ya tatu."

"Iko na nini?"

"Ilikuwa ya kuua mutu."

Nikasimama. Nikageuka. "Unasema?"

"Hata ya pili, mukwai. Na meka yenu iko na tumbo la kuingia ndani. Chini pale chisense inaingia kidogo tu, na mutu anafikiri imejaa."

"Meka yangu ilianguka!"

"Zote zinaanguka, mama. Na zote zinaangukia upande mumoja."

"Basi weye ungetoa ngapi?"

Akataja. Nikacheka kwa dharau. Nikamuambia kwa bei ile aende Kafutuma, watamuuzia muchanga. Akasema muchanga wa Kafutuma iko angalau unajaa katika meka. Nikapunguza kidogo. Akatikisa kichwa, akageuka kweli kama mutu anaenda zake, mikono nyuma, mpaka nikajikuta ninamuita, "Kuja, kuja hapa!" na akarudi polepole kama hana haja. Akaongeza kidogo. Nikaapa kwa kaburi la bwana yangu. Akasema yule marehemu alikuwa mutu wa haki, angemupunguzia. Wamama wawili wenye walikuwa wanalima pembeni waliacha majembe na kutusikiliza. Alikuwa anajua! Katika kalasi nzima hakukuwa mutu alijua kubishana bei kama yule mutu wa pengo.

Nikaweka mikono kiunoni. "Sasa kule mbele ya wageni, nani alikufunga kinywa?"

Akaangalia vidole vya miguu yake. "Kule kulikuwa batu, mama. Ningekukatalia namna gani mbele ya batu?"

"Kule njo kulikuwa malata!"

Tone la kwanza likanipiga juu ya mukono, kubwa, la baridi, kisha lingine. Sisi wawili tulikuwa tumeanika asubuhi ile, mimi kile kidogo nilikuwa nimebakisha, yeye yake yote. Tukaanza kukimbia kuelekea muchanga. Yeye ni kijana, alinipita, lakini kila mara alikuwa anakumbuka heshima, anasimama pembeni, anainamisha kichwa na kuningojea nitangulie, na mvua inaongezeka, na mimi nikimulilia kwa pumzi yenye ilibaki: "Pita! Pita, mujinga weye, pita!"